Meza ya Dirishani Iliyosema Kiswahili

Wanangu mnaotoka kwetu na kuingia kazi ya uweita hapa London, kitu cha kwanza mtakachofundishwa ni kubeba sahani tatu kwa mkono mmoja. Moja kwenye vidole, moja juu ya kiganja, moja karibu na kiwiko. Mtavunja. Mimi nilivunja mpaka mpishi mkuu akaniuliza kama nimetumwa na kiwanda cha sahani. Lakini hilo mtalizoea baada ya wiki chache. Kitu kigumu katika kazi yetu ni masikio.

Weita husikia kila kitu. Watu wakishakaa mezani husahau kwamba anayewamiminia maji naye ni mtu. Nimesikia ndoa ikivunjika kati ya supu na nyama. Nimesikia mtu akimsifu bosi wake kwa maneno matamu, halafu bosi alipokwenda msalani, nikasikia mengine ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Mkuu wetu wa maweita alikuwa Mskoti mmoja, Fergus. Mrefu, mkavu, viatu vyake unaweza kujitazama humo ukachana nywele. Jina langu Mwanaidi lilimshinda, akaniita Mona, na mimi nikaacha niitwe Mona hadi nilipostaafu. Siku yangu ya kwanza alinisimamisha kando ya kabati la uma na visu akasema, "Mona, unachokisikia mezani kiache mezani. Ukikibeba, umeiba."

Nilimwelewa, na niliishika sheria hiyo miaka yote. Niliivunja Jumapili moja tu, na hiyo ndiyo nataka kuwasimulia.

Kwanza mjue pale mahali palivyokuwa. Ulikuwa mkahawa mkubwa wa chini ya hoteli, katikati ya mji, wa aina ile wenyewe wanaiita braseri. Huhitaji tai, lakini ukiingia na ndala utajisikia vibaya mwenyewe. Viti vya ngozi ya kijani, taa za shaba, vioo vya ukuta mzima ili mtu aone na aonekane. Chakula kilikuwa cha Waingereza, ila cha kisasa. Mimi nilikuja nchi hii nikidhani chakula chao ni viazi vya kuchemsha na huzuni. Kumbe wapishi hawa wapya wamechukua vyakula vya bibi zao wakavivalisha suti: bega la kondoo lililolala katika oveni mpaka nyama inajitenga na mfupa bila kisu, samaki wa moshi juu ya bitiruti, pai ya jibini na liki, ile mboga ndefu ya ukoo wa kitunguu, pudini ya tende inayoogeshwa sosi ya karameli mbele yako. Na Jumapili, nyama ya oveni pamoja na kile kimkate cha mayai kinachofura kama kofia.

Jumapili mchana ndiyo vita. Meza zote zimejaa, watoto wanalia, jikoni wanapiga kengele, kila mtu anataka mchuzi zaidi. Siku hizi mnaandika oda kwenye kitableti na inafika jikoni kabla hujageuka. Ni kitu kizuri, sikatai. Lakini msiinamie sana hicho kioo. Mtazameni mgeni usoni. Kitableti hakitakuambia nani anatoka jasho.

Basi siku hiyo nilipewa meza ya duara ya dirishani. Watu watano. Mzee wa Kihindi na mkewe, wamevaa vizuri, mama na sari yake ya rangi ya zambarau. Binti yao, Nisha, mwanamke wa miaka thelathini na kitu. Kijana wa Kiingereza aitwaye Tom, mchumba wake. Na mama yake Tom, Helen, mjane mwenye mvi fupi, aliyekuwa akicheka upesi upesi kama watu wenye wasiwasi wanavyocheka. Ilikuwa dhahiri kwamba wazazi wanakutana kwa mara ya kwanza. Meza za namna hiyo huwa unazijua. Kila mtu anasifu mkate.

Nisha ndiye aliyekuwa anaumia zaidi. Kila baba yake akigusa uma, yeye anamtazama. Kila Helen akifungua mdomo, yeye anageuza shingo kumwangalia baba. Hakula.

Nilileta vyakula. Mzee na mkewe hawali nyama, kwa hiyo mpishi aliwatengenezea ile pai ya liki, peke yake, bila kugusana na kitu kingine. Niliiweka mbele ya mzee na nikaona mkono wake wa kulia uko kifuani, ndani ya koti, kama mtu anayetafuta kalamu. Hakuwa anatafuta kitu.

Nikaanza kumimina maji. Ndipo mkewe akasema, kwa sauti ya chini, huku akitabasamu kumwelekea Helen:

"Kanti, uso yako imekuwa kama jivu. Twende nyumbani."

Kwa Kiswahili.

Maji karibu niyamwage. Mzee naye akajibu bila kugeuza kichwa, "Nyamaza. Ni gesi tu."

Baadaye Nisha alinieleza. Wazazi wake walizaliwa Kisumu, wakaja Harrow, pembeni mwa London, wakiwa vijana. Kigujarati watoto walikijua, Kiingereza ndiyo usiseme. Kwa hiyo mambo ambayo watoto hawatakiwi kuyasikia yalisemwa kwa Kiswahili. Magonjwa, misiba, ugomvi wa ndugu, vyote vilipita juu ya vichwa vya watoto kwa lugha ile. Kilikuwa Kiswahili cha dukani, kisichojali ngeli, lakini kilichonyooka.

Nilimaliza kumimina nikaondoka. Ya mezani yaache mezani, nikajiambia. Pengine ni gesi kweli. Watu wazima wanajijua.

Lakini nilirudi na mchuzi, na safari hii nilichelewesha mikono makusudi. Mama alikuwa anasema, "Jasho inatoka mpaka kwa shingo. Ambia Nisha."

"Sisemi kitu."

"Kanti, nakuomba."

"Wewe unajua mimi nilikataa huyu kijana miaka mitatu. Sikutaka hata kuona picha yake. Leo nimekuja. Nikisimama nikatoka sasa, Nisha atasema nini? Atasema baba ametukana mama ya Tom. Hatanisamehe tena." Akavuta pumzi kwa mdomo. "Wacha watoto wakule kwanza. Tutaenda daktari kesho."

"Na mkono?"

"Mkono imekufa ganzi. Itapona."

Kila mwaka hotelini tuliletewa mwalimu wa huduma ya kwanza, na sanamu lake la mpira tuliloliminya kifua huku tunacheka. Siku ile sikucheka. Kifua kinabana, jasho la baridi, mkono wa kushoto, uso wa jivu. Nilikuwa nimesimama na bakuli la mchuzi mbele ya mtu ambaye moyo wake ulikuwa unakwama, naye anatabasamu na kumuuliza Helen kuhusu bustani yake ya waridi.

Sikujua nifanye nini. Nikisema pale mezani, nimemvua nguo mbele ya wakwe. Nikinyamaza, huenda akalala juu ya pai. Nilitembea mpaka kwa Fergus.

"Yule mzee wa dirishani ana shambulio la moyo," nikamwambia. "Anamwambia mkewe kwa lugha yetu. Anaficha."

Fergus akatazama kule bila kuonekana anatazama. Kwa hilo alikuwa bingwa. "Amekuomba msaada?"

"Hapana. Hajui kama naelewa."

"Mgeni akisema hajambo, Mona, hatuwezi kumbeba kwa nguvu."

"Fergus, angalia rangi yake."

Akaangalia tena. Halafu akasema neno ambalo sikulitegemea kutoka kwake: "Mtoe mezani. Bila kumwaibisha. Mimi napiga simu."

Sasa hili mlishike, maana litawafaa siku moja. Kumtoa mgeni mezani bila wenzake kushtuka, usimwambie ana simu. Watadhani kuna msiba. Usimnong'oneze, kila mtu atataka kujua umenong'ona nini. Mpe sababu ndogo, ya kawaida, inayomheshimu. Nilikwenda nikainama kidogo, nikasema kwa Kiingereza na kila mtu anasikia, "Samahani, bwana. Mpishi angependa kukuuliza kitu kuhusu chakula chako, kwa sababu huli nyama. Ni dakika moja tu, hapo kando."

Mzee alinitazama kwa uchovu. Nadhani hata yeye alishukuru kupata sababu ya kusimama. Akashika ukingo wa meza, akainuka. Nisha akashtuka, "Dad?" Mzee akamwonyesha kiganja, kwamba kaa, kula.

Nilitembea ubavuni mwake, karibu sana, bila kumshika. Tulipopita mlango wa kusukuma wa korido ya jikoni, nikamshika kwapani.

"Mzee," nikamwambia, "nimesikia yote. Mimi ni mtu wa Tanga."

Alisimama kama aliyepigwa kofi. "Wewe unajua Kiswahili?"

"Najua, mzee."

"Ulikuwa unatusikiliza?" Macho yakamwiva kwa hasira. "Maneno yangu na mke wangu! Mimi naita meneja sasa hivi. Mimi..."

Hakumaliza. Magoti yalilegea. Nilimshusha taratibu mpaka sakafuni, mgongo ukutani, magoti juu, vile mwalimu wa sanamu alivyotuonyesha. Nikamlegezea tai na kifungo cha kola. Fergus akaja mbio, simu sikioni, mkononi amebeba ile mashine ya kushtua moyo iliyokuwa ikining'inia mapokezi miaka yote bila mtu kuigusa. Dada wa ambulensi kwenye simu akauliza kama mgonjwa ana mzio wa aspirini. Nikamuuliza mzee, akatikisa kichwa kukataa. Basi atafune moja, dada akasema, asimeze, atafune. Fergus akatoa kidonge kwenye sanduku la huduma ya kwanza, mzee akakitafuna kama mtoto anayelazimishwa dawa, akinitazama mimi tu.

"Usimwite Nisha," akasema.

"Mzee."

"Nakuomba, mama. Sema nimepata simu. Sema chochote. Wakati atakuja kunitafuta mimi nitakuwa sawa."

Wapishi walikuwa wanapita juu ya miguu yetu na trei za moto. Jikoni kengele inalia. Nilipiga magoti, nikamshika mkono ule wenye ganzi. Ulikuwa baridi na umelowa.

"Mzee, ukinyamaza, mtoto wako atabaki pale na kiti kitupu. Atajijibu mwenyewe kwa nini kiti ni kitupu. Unajua atajijibu nini. Mwambie wewe, kwa mdomo wako, wakati unaweza."

Alifumba macho. Nilidhani amekata roho. Nilimwita, "Mzee! Mzee Kanti!" Akafumbua. Akaitikia kwa kichwa, ndiyo.

Nilimwachia Fergus, nikarudi ukumbini. Msikimbie ukumbini, wanangu, hata nyumba ikiungua. Ukikimbia wewe, watu mia watakimbia. Nilitembea. Sijawahi kuona ukumbi mrefu vile. Mtu mmoja akanishika mkono akauliza pudini yake iko wapi, nikatabasamu nikasema inakuja.

Pale dirishani meza ilikuwa imeganda. Mama Manjula, ndivyo alivyoitwa, alikuwa anakunja na kukunjua kitambaa cha kufutia mikono. Helen anatazama sahani. Nisha ameshasimama, mkoba begani, na uso wake ulikuwa mkavu kabisa.

"Ameondoka, sivyo?" akaniuliza kwa Kiingereza. "Niambie tu. Amechukua teksi ameondoka."

"Hajaondoka," nikamwambia. "Yuko hapo nyuma. Anaumwa, na anakuita wewe."

Sijui kama alisikia neno la mwisho. Alishanipita. Yeye alikimbia, na kweli watu mia waligeuka.

Nilimfuata nikiwa nimemshika Mama Manjula, na Helen na Tom nyuma yetu. Tulipofika koridoni Nisha alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ile ya mafuta, na gauni lake jeupe hilo hilo. Mzee anasema kwa Kiingereza, maneno yakitoka moja moja, "Sikukimbia. Sikia, Nisha. Nilitaka kukaa. Kijana wako ni mzuri. Sikukimbia."

"Kwa nini hukusema, Dad? Kwa nini?"

Mzee akamtazama mkewe, mkewe akanitazama mimi.

Halafu mzee akaacha kupumua vizuri. Akawa anavuta hewa kwa kelele, midomo ikageuka bluu. Fergus alikuwa tayari amefungua ile mashine na kumkata shati. Mashine ikaanza kusema kwa sauti yake tulivu ya kike, bandikeni hapa, bandikeni pale. Tukabandika. Ikasema subirini, inapima. Tom alikuwa amemkumbatia Nisha kwa nyuma, amemnyanyua kutoka sakafuni. Helen amemshika Mama Manjula, wanawake wawili ambao saa moja nyuma walikuwa wanasifu mkate. Mashine ikasema mshtuko hauhitajiki. Mimi sikujua kama hiyo ni habari njema au mbaya. Nilitamani ingesema kitu kingine. Kisha mzee akakohoa, pumzi ikaanza kumrudia.

Ambulensi ilifika mlango wa nyuma, ule wa mizigo ya mboga. Vijana wawili wenye mavazi ya kijani wakaingia, wakamvalisha oksijeni, wakamweka kwenye kiti cha magurudumu. Mama Manjula akapanda naye. Kabla mlango haujafungwa, mzee akainua kidole kunielekea. Sikujua ananitishia au ananishukuru.

Helen ndiye aliyegeuka akarudi ukumbini. Nilidhani anafuata koti. Kumbe alikwenda kumwomba Fergus awafungie chakula chote kwenye maboksi. "Tutakaa hospitali mpaka usiku," akasema, "na Nisha hajala kitu tangu asubuhi." Akaondoka na pai, kondoo na pudini mikononi, amefuatana na Nisha na Tom kwenye teksi.

Nilirudi kazini. Ndiyo, nilirudi. Yule wa pudini alikuwa amekasirika, na sosi ya karameli haisubiri. Nilimmiminia vibaya mpaka nikachafua kitambaa cha meza. Fergus alikuja akasimama karibu nami penye kabati la uma na visu. Nilingoja anikumbushe sheria yake. Alichosema ni, "Keti kidogo, Mona. Mimi nitashika meza zako." Alizishika mpaka mwisho wa mchana, mkuu wa maweita mwenyewe, akifuta makombo ya watoto.

Wiki tatu hatukusikia kitu. Hoteli haiwezi kupiga simu hospitali kuulizia mgeni. Mambo ya watu ni ya watu. Kila nikipanda treni kurudi Hayes nilijiuliza kama yule mzee yuko hai. Nilijiuliza pia kama hasira yake ya mwisho ilikuwa juu yangu.

Mchana mmoja Nisha akaja, peke yake. Hakutaka meza. Alisimama mapokezi na koti lake, akaniambia baba amewekewa kitu cha kufungua mshipa, yuko nyumbani, anagombana na kila mtu kuhusu chumvi. Lakini madaktari wamesema bado, lazima kifua kipasuliwe, operesheni kubwa. Kisha akaniuliza, "Walikuwa wanasema nini pale mezani? Kwa Kiswahili."

Nilimwambia kwamba kama wazazi wake wanataka ajue, watamwambia wao.

"Hawatasema," akajibu. "Maisha yangu yote wananifichia kwenye lugha hiyo. Bibi alikufa Nairobi nikajua baada ya mwezi. Mama alikuwa na uvimbe nikajua umeshaondolewa." Akanisogelea. "Basi usiniambie. Nifundishe."

Tukaanza. Jumamosi asubuhi, kabla sijaingia kazini, kwenye mgahawa mdogo karibu na stesheni ya Harrow, wazazi wasijue. Mimi si mwalimu. Nilimfundisha kama nilivyofundishwa kubeba sahani, yaani kwa kuvunja. Alisema "nakula, Baba" akimaanisha "nakuja, Baba". Alinisalimia "shikamoo, mwanangu". Alikuwa akijicheka mpaka watu wanageuka, kisha anarudi upesi kwenye somo, kwa sababu tarehe ya operesheni inakaribia.

Mzee alipona, niwaambie mapema ili msikae roho juu. Siku hizi anatembea na fimbo, na chumvi hajaacha. Lakini asubuhi ile ya operesheni hakuna aliyejua kama atapona.

Mama Manjula alinipigia simu kazini akaniomba nifike hospitali, akasema mzee anataka kuniona kabla hajaingia. Nilimkuta kitandani, amevaa lile gauni la hospitali linalofungwa mgongoni, amekuwa mdogo. Mama Manjula upande mmoja, Nisha upande wa pili anapanga vitu vya baba yake kwenye mfuko: miwani, ndala, sweta. Mzee alinishika mkono kwa nguvu, kisha akaniachia. Nikajua kidole cha siku ile kilikuwa na maana gani.

Wauguzi walikuwa wanakuja koridoni na kitanda cha magurudumu. Mzee akawasikia. Akamgeukia mkewe, na kwa sauti ya chini, kwa lugha yao wawili, akasema:

"Manju, mimi naogopa."

Kabla mama hajafungua mdomo, Nisha, bado ameinamia mfuko, akasema polepole, silabi kwa silabi, asikosee:

"Usiogope, Baba. Niko hapa."

Mama Manjula akaziba mdomo kwa ncha ya sari. Mzee alimgeukia binti yake. Kisha akanyoosha mkono, Nisha akaushika, na wauguzi walipoanza kusukuma kitanda, mzee alikuwa anamwambia mwanawe mambo kwa Kiswahili, taratibu, akichagua maneno mepesi. Nisha alitembea ubavuni mwake akiitikia "ndiyo, Baba, ndiyo," mpaka mlango ambao hakuruhusiwa kupita.